Bolti Yenye Harufu ya Twiga

Matheka alikuwa mchongaji, na twiga wake hawakuwa na kasoro. Waliondoka kibandani kwake Majengo wakavuka bahari hadi kwenye meza za watu asiowajua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa kwa sababu shingo imepinda. Ndiyo maana ilimuuma sana, Ijumaa moja ya mwezi wa tatu mwaka wa themanini na mbili, kulala chali chini ya pikapu yake ya Datsun mbele ya nyumba huko Kaloleni, akishindwa na kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba.

Mkewe, Ndindi, alikuwa amemwonya. Ndindi alikuwa karani wa baraza la jiji, na hata nyumba waliyokaa iliandikwa jina lake, kwa hiyo alizoea kusema jambo mara moja na kulihesabu limeshafanyika.

"Kesho gari ni la Mwaitu," alikuwa amesema Alhamisi asubuhi, akimaanisha mama yake. "Usilipakie hata ukuni."

"Kwani nimesema nitalipakia nini?"

Matheka alipakia gogo la muhugu. Gogo moja tu, alijiambia, tena si kubwa sana, na mwenye kuliuza hangemngoja hadi Jumatatu. Kwenye shimo la mwisho kabla ya kufika nyumbani, springi ya nyuma upande wa kulia ikakatika, na gari likaketi kama kuku anayetaka kutaga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Matheka lilikuwa zima, lakini Ijumaa ile angeona heri lingevunjika lenyewe, maana mguu uliovunjika watu huuonea huruma.

Mwaitu alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia macho yote mawili, na kule kwao Kangundo alikuwa ameanza kumkaripia ndama kwa jina la mjukuu. Barua ya hospitali ya macho, iliyoko nje ya mji, ilisema afike Ijumaa hiyo kabla ya saa kumi jioni. Asipofika, kitanda apewe mwingine, naye angoje orodha ya mwezi wa kumi na moja. Mabasi yalikuwepo, tena mengi, na moja ndilo lingemleta kutoka Kangundo hadi Kaloleni. Lakini Mwaitu alikuwa amewatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba hospitalini atapelekwa na gari la mkwe wake, na akamwambia Ndindi waziwazi: "Kama si gari la mkwe wangu, narudi nyumbani na macho yangu." Hakuwa mtu wa kutishia. Mwaka uliotangulia alikuwa ameacha harusi ya mpwa wake njiani kwa sababu alipewa kiti nyuma ya jiko.

Basi saa nne asubuhi Matheka alivua shati lake jeupe la kwenda hospitalini, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akabaki na suruali ya kazi iliyochanika mahali pabaya, na akaingia chini ya gari. Pamoja naye alikuwa rafiki yake Muse, aliyeendesha malori ya Garissa miaka kumi na saba na kustaafu na vitu viwili: maumivu ya mgongo na sanduku la spana. Springi nyingine walishaipata kwa wauza vyuma chakavu. Kilichobaki ni kufungua bolti ile nene inayoshika ncha ya mbele ya springi kwenye chesisi.

Bolti haikutaka kufunguka.

"Nani alifunga hii kitu?" Muse aliuliza, jasho likimdondoka puani.

"Fundi mmoja."

"Fundi gani?"

"Wa kule mtaa wa Tena."

"Mtafute umlete hapa. Nataka kumwangalia uso tu." Muse alikwangua kichwa cha bolti kwa ukucha. "Halafu mbona inang'aa? Nimefungua magari tangu nikiwa kijana, sijaona bolti inang'aa kama kabati la arusi."

Matheka alijifanya anafuta spana, na tutamwambia msomaji kwa nini. Hakukuwa na fundi wa Tena. Miezi minane iliyopita Matheka alizifungua bolti zile mwenyewe, akabadilisha bushi za mpira zilizolika, na kabla ya kuzirudisha akafikiri kama mchongaji anavyofikiri. Kitu kisichotakiwa kuingiwa na maji hupakwa vanishi. Twiga hupakwa vanishi, na twiga haozi. Akazipaka bolti vanishi, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, hadi ndani ya mitaro ya nyuzi zake, akazikaza zikiwa mbichi, akasimama kando akiwacheka kimoyomoyo mafundi wote wa Eastlands ambao hawakuwa wamelifikiria jambo rahisi namna ile. Vanishi ikakauka. Bolti na chesisi vikawa mwili mmoja, kama wanavyosema wachungaji siku za ndoa.

Muse alichomeka bomba la maji kwenye mkia wa spana ili apate nguvu zaidi. "Shika hapa. Nikisema vuta, vuta."

"Tusiilazimishe sana."

"Hii ni chuma, Matheka, si twiga. Vuta."

Walivuta. Kitu kikalia tak, kwa sauti ndogo kabisa, na wote wawili wakarudi nyuma hadi kwenye gurudumu. Kichwa cha bolti kilibaki ndani ya spana. Mwili wake ulibaki ndani ya gari, umechomoza nje kiasi cha punje ya hindi.

Muse alikitazama kile kichwa, akakiweka chini taratibu. Kutoka upande wa Majengo adhana ya Ijumaa ilikuwa imeanza. Akatambaa nje, akajifuta mikono.

"Naenda kuswali. Saa nane nitakuwa hapa."

"Saa nane? Na mimi nifanye nini?"

"Usiguse kitu," Muse alisema. "Na kama unajua dua yoyote ya Kikristo, huu ndio wakati wake."

*

Matheka alikuwa bado chini ya gari, akiikodolea macho ile punje ya chuma, alipoviona viatu. Jozi ya kwanza ilikuwa ya Ndindi, vile vyeusi vya ofisini. Jozi ya pili ilikuwa raba za buluu, ya kulia imekatwa dirisha dogo ili kidole chenye sugu kipumue. Alivijua viatu vile kuliko alivyoijua sura ya mwenye viatu.

Kwa miaka tisa Matheka alikuwa amemjua mama mkwe wake kwa viatu. Kwa Wakamba, mwanamume na mama wa mkewe hulindana kwa heshima iitwayo nthoni. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaketi kivuli kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mjini vichaka havipo, na vijana wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini Mwaitu hakuwa kijana. Mkwe anayetaka nthoni iondolewe hupeleka blanketi na mbuzi kwa adabu zake. Matheka alikuwa akipanga kupeleka tangu Ndanu, binti yao, alipozaliwa. Sasa Ndanu alikuwa darasa la pili.

Kwa hiyo alikuwa pale: kifua wazi, suruali imechanika nyuma, shati lake likipepea kwenye kamba hatua kumi kutoka alipo, na mama mkwe amesimama katikati. Kutoka chini ya gari lile kulikuwa kumefungwa kwa aibu na kwa mila.

"Baba Ndanu," Ndindi aliita, "gari limekuwa tayari?"

Matheka aligeuza uso upande wa gurudumu.

"Baba Ndanu, naona miguu yako."

Matheka aliivuta miguu ndani. Jirani yao Perez, mwanamke aliyekuwa akifua pale kwenye mfereji, alicheka hadi akaangusha sabuni.

"Ameingia kwa nyumba yake kama kobe," Perez alisema. "Karibu, mama. Habari ya safari? Huyo mkwe wako yuko tangu asubuhi. Mimi nilidhani anataga."

"Nzuri, mwanangu," Mwaitu alijibu kwa utulivu. Akageukia mahali alipohisi bintiye yupo. "Ndindi, nipe kiti. Jua ni kali. Nitakaa hapa kwenye kivuli cha gari."

"Mwaitu, ingia ndani upumzike."

"Ndani nitajuaje gari limepona?"

Kiti cha miguu mitatu kikaletwa, kazi ya Matheka mwenyewe, na raba za buluu zikatulia shubiri mbili kutoka kwenye sikio lake. Hivyo hata kivuli wakawa wameketi kimoja. Alisikia Ndindi akichutama, kisha akauona uso wake ukiwa umegeuka chini juu, nao haukuwa na upole.

"Ni gogo?" alinong'ona.

"Springi imekatika."

"Nimeuliza, ni gogo?"

"Moja tu."

Ndindi alifumba macho kama mtu anayehesabu. "Saa sita na nusu sasa. Kuna kazi ngapi imebaki?"

"Ni bolti tu. Imekatikia ndani."

"Na ikikataa kutoka?"

Matheka aliona aibu na hofu, maana alijua vizuri kilichowekwa rehani pale: si gari, ni macho ya mama wa mtu, na miezi minane ya kumwita ndama kwa jina la mtoto. Alisema, "Ikikataa nitambeba mgongoni." Ndindi hakucheka, ila alimfuta mafuta kwenye paji la uso kwa ncha ya leso yake, halafu akainuka.

"Ndindi," sauti ya Mwaitu ilisema kutoka juu, "muulize aliye chini ya gari, hiyo bolti imekatika au imeshika?"

Ndindi aliuliza, kana kwamba mumewe hakusikia. Hivyo ndivyo walivyozungumza miaka yote tisa, kwa mkalimani wa lugha moja.

"Mwambie Mwaitu imeshika ndipo ikakatika," Matheka alisema.

"Muulize, waliilegeza moja kwa moja?"

"Mwambie ndiyo. Tulivuta kwa bomba."

Mwaitu alitoa ule mlio mdogo wa ulimi ambao akina mama hutoa wakiona ugali umeungua. "Mwambie marehemu baba yako alikuwa kwenye genge la watengeneza reli miaka ishirini na sita, kuanzia Konza hadi Athi River. Mwambie mimi ndiye niliyempelekea chai, na nilikaa pale nikiwaangalia hadi birika likarudi. Bolti ya reli iliyolala mvuani hailegezwi kwanza. Hukazwa kwanza. Kidogo tu, kama kucha. Ikikubali kwenda kule, itakubali kurudi huku. Ukiivuta moja kwa moja inaona unaigombeza."

Perez alikuwa ameacha kufua.

"Na mwambie," Mwaitu aliendelea, "awashe jiko. Achome nondo hadi iwe nyekundu, aigusishe kwenye bolti, ahesabu hadi hamsini. Halafu aitoe nondo, aipake bolti mshumaa ingali moto. Nta itaingia yenyewe mahali mafuta hayaingii."

"Mshumaa ninao mimi," Perez alisema, naye akakimbia kwake bila kuombwa.

*

Jiko liliwashwa upande mwingine kabisa, mbali na tangi la petroli, na Ndindi, karani wa baraza la jiji katika viatu vyake vya ofisini, ndiye aliyepuliza makaa. Nondo ilipokuwa nyekundu alimpitishia mumewe ikiwa imefungwa kitambaa kibichi mkiani. Matheka akaigusisha kwenye kile kisiki cha bolti. Akahesabu. Alipofika ishirini moshi mwembamba ulianza kutoka, nao ukapanda taratibu, ukapita kando ya gurudumu, ukamfikia Mwaitu.

Mwaitu alinusa. Akanusa tena. Mtu ambaye macho yamemwacha, pua yake hufanya kazi ya wawili.

"Ndindi," alisema, "muulize aliye chini ya gari kwa nini bolti inanukia kama twiga niliyeletewa Krismasi."

Ndindi alichutama tena. Wakatazamana, mume na mke, moshi wa vanishi ukipita kati yao. Ndindi aliijua harufu ile. Ilikuwa kwenye mashuka yake, kwenye nywele za mtoto wake, na mara moja hata kwenye wali.

"Baba Ndanu. Fundi wa Tena ni nani?"

Mficha uchi hazai, na Matheka siku ile, kwa suruali aliyokuwa nayo, hakuwa na mengi yaliyobaki ya kuficha. "Ni mimi," alisema. "Nilizipaka vanishi. Mikono mitatu. Nilitaka zisiingie maji."

Perez aliketi chini kabisa, akajifunika uso kwa nguo mbichi, mabega yakimtikisika. Lakini kicheko kilichosikika kwanza kilikuwa cha Mwaitu, kizito, cha kutoka tumboni, na miaka tisa Matheka hakuwahi kukisikia.

"Mwambie," alisema alipopata pumzi, "hata baba yako mara moja alipaka bolti za reli uji, akidhani ni grisi. Gizani. Treni ilipita salama. Mwambie apake mshumaa kabla haijapoa."

Matheka alipaka. Nta iliyeyuka, ikanywewa kuzunguka kisiki kama maji kwenye mchanga. Ikabaki kazi ya kukizungusha, nacho hakikuwa na kichwa cha kushikwa na spana. Hapo ndipo alipouona ule ukingo. Punje ile ya chuma ilikuwa na mdomo wake, na mdomo wowote wa kitu chochote unaweza kugongwa.

"Ndindi, niletee patasi yangu ndogo."

"Ile ya macho ya twiga?"

"Hiyohiyo. Na nyundo ya mti."

Patasi ile ilikuwa ya baba yake, nyembamba kama ulimi wa ndege, na hakuwahi kuigusisha kitu kigumu kuliko mpingo. Aliiweka kwenye ukingo wa kisiki, upande wa kukaza. Akaigonga kidogo. Akaigonga tena, mapigo madogo yaliyofuatana, kama anavyotafuta jicho ndani ya kichwa cha mnyama bila kukipasua. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha mkono wake, kabla ya macho yake, ukajua. Kisiki kilikuwa kimesogea, upana wa kucha.

Akahamishia patasi upande wa pili. Gonga, gonga, pumzika. Gonga, gonga. Wanawake watatu walisikiliza. Ncha ya patasi ilimeguka, akaigeuza na kutumia pembe iliyobaki. Kisiki kikazunguka robo, kikazunguka nusu, kikachomoza vya kutosha kushikwa na koleo, na baada ya hapo kilitoka chenyewe kwa uvivu, mzunguko kwa mzunguko, kikiwa kimevaa koti la hudhurungi la nta na vanishi.

"Mwambie Mwaitu imetoka," alisema.

"Nimesikia," alisema Mwaitu. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bila mkalimani, na wote walijifanya hawajaona.

Muse alirudi saa nane na dakika chache, kanzu yake safi, akiwa amejiandaa kutoa pole. Aliiona bolti juu ya kiti, akaichukua, akainusa.

"Nani amefungua?"

"Fundi wa Tena," alisema Perez.

*

Springi nyingine iliingia, na bolti mpya zikapakwa grisi mbele ya macho ya Ndindi, ambaye alitaka kuona mkebe kwanza. Kisha Ndindi alimpitishia mumewe shati kwa upande wa pili wa gari huku Mwaitu akiwa ameombwa kutazama Majengo. Aliitikia kwa heshima, ingawa kwa macho yale hangeiona hata Majengo yenyewe.

Ndani ya gari Ndindi alikaa katikati kama ukuta, gia ikimgonga goti. Mwaitu aligeukia dirisha, leso kichwani. Njia nzima, kila walipopita shimo Ndindi alisema, "Polepole, Baba Ndanu," na Matheka akajibu, "Ndiyo, karani." Walifika kwenye meza ya hospitali saa kumi kasoro dakika nane. Yule wa mapokezi aliangalia saa, akaangalia mikono ya Matheka, akasogeza kitabu mbali nayo kabla ya kuandika jina.

Bandeji ya jicho la kwanza ilitolewa Jumanne. Matheka alikuwa amekuja na blanketi jipya, la mistari, limefungwa kwa karatasi ya dukani, lakini alipofika kwenye wadi miguu ilikataa kuvuka kizingiti. Akasimama nyuma ya mlango, akishikilia blanketi kifuani, akisikiliza. Alimsikia muuguzi akihesabu vidole na Mwaitu akivitaja: viwili, vitano, kimoja. Alimsikia Mwaitu akimwambia Ndindi kwamba amekonda na kwamba ofisi haimlishi. Kisha sauti yake ikageukia mlango.

"Na huyo aliye nyuma ya mlango ni nani?"

Ndindi alitoka, akamshika mumewe mkono, akamwingiza. Matheka alisimama mbele ya kitanda akiangalia sakafu. Akaziona raba za buluu zikiwa zimepangwa vizuri chini ya kitanda, na dirisha dogo la kile kidole, na kwa mara ya kwanza hazikuwa na mtu ndani.

Mwaitu alimtazama kwa jicho moja, kuanzia nywele hadi viatu. Alichukua muda wake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakatazama.

"Huyu simjui," alisema mwishowe. "Ndindi, mwambie alale chini, atoe miguu, labda nitamtambua."

Wadi nzima ilicheka, hata wale waliofungwa macho yote mawili. Matheka aliweka blanketi juu ya kitanda kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akatafuta maneno aliyoyapanga tangu mtoto azaliwe na hakuyaona hata moja. "Mbuzi atafuata," ndilo pekee lililotoka.

Mwaitu alilipapasa blanketi, akalikunja upande mmoja. Halafu akanyoosha mkono, ukabaki hewani ukingoja hadi Matheka akaelewa na kuupokea. Aliushika mkono wa mkwe wake, akauleta karibu na jicho lake jipya, akakagua kucha zenye mafuta yasiyotoka na kidonda alichokipata patasi ilipomeguka.

"Matheka," alisema. Kwa miaka tisa hakuwa amelitamka jina hilo. "Vuta kiti ukae. Nimechoka kuongea na gari."